Barua ya wazi kwa Uhamiaji, NIDA na RITA: aminini mihuri yenu wenyewe

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Mkurugenzi Mkuu wa NIDA (vitambulisho vya Taifa) na Kabidhi Wasii Mkuu wa RITA (usajili wa vizazi na vifo).

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Kasulu. Nina steshenari hapa mjini: mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, skana, na kitambaa cha bluu mpauko ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Zamani tuliishi kwa kutoa nakala na kuuza madaftari. Siku hizi kinacholipa kodi ya chumba ni kuwajazia watu fomu: mikopo ya chuo, ajira za serikali, na kuliko vyote, maombi ya cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na pasipoti. Kwa hiyo makaratasi ya watu nayaona kabla hayajafika kwenu, na wenyewe nawaona wakirudi kutoka kwenu.

Sikuandika kumshitaki mtumishi fulani. Wapo maofisa waungwana sana, wengine wameshanipigia simu wenyewe kunieleza kasoro ya ombi la mteja ili nisahihishe asirudishwe bure. Nalalamikia utaratibu. Raia wa Kigoma anaulizwa uraia wake upya kwenye kila dirisha, kana kwamba dirisha lililotangulia lilikuwa la nchi nyingine.

Tuanze na kitambulisho cha Taifa. Mwombaji anapewa Fomu 1A, anaandika majina yake, ya wazazi wake na mahali walipozaliwa. Mwenyekiti anathibitisha kuwa anamfahamu, mtendaji anagonga muhuri, kisha mwombaji anakaa mbele ya Afisa Uhamiaji anahojiwa. Huku kwetu mahojiano hayo huwa marefu. Babu mzaa baba alizaliwa wapi? Amezikwa wapi? Ukoo wenu ni upi, na wajomba zako wanaishi kijiji gani? Darasa la kwanza ulisoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani? Wengine huambiwa waongee Kiha, lugha yetu, kidogo, jambo ambalo sijawahi kuelewa linathibitisha nini, maana Mha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Akipita, afisa anasaini. Baadaye namba inatoka, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa.

Namba hiyo ndiyo inayoendesha maisha ya mtu sasa. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020, kila mtu alielewa: bila NIDA huna simu, na bila simu huna pesa. Benki inaiamini namba ya NIDA. TRA, watu wa kodi, wanaiamini. Kampuni za simu zinaiamini. Anayeitilia shaka, siku mwenye namba akiomba pasipoti, ni Uhamiaji, idara ileile ambayo afisa wake alimhoji na kusaini.

Siku ya pasipoti tunaanza upya. Fomu inajazwa mtandaoni, na hilo ni jema. Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 31, 2018, tumeachana na foleni za kununua fomu, na mtu anajua kuwa gharama ni shilingi 150,000 na pesa inaingia serikalini kwa namba ya malipo. Lakini nyaraka zinazotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, kitambulisho cha Taifa, na ushahidi wa safari. Akishafika mkoani kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, yale maswali ya babu yanarudi. Na safari hii hayatoshi kwa mdomo. Anaambiwa alete cheti cha baba. Baba akiwa hana, kiapo. Kiapo kikionekana chepesi, alete na cha bibi.

Waheshimiwa, cheti cha bibi kitoke wapi?

Sheria ya kusajili vizazi na vifo ambayo mkoloni Mwingereza aliileta mwaka 1920 iliwabana Wazungu na Waasia. Mwafrika hakulazimishwa. Usajili wa lazima kwa wananchi wote ulikuja baada ya Uhuru, nao ulitandazwa wilaya kwa wilaya. Hata ulipofika, ulifika kwenye vitabu vya sheria kabla haujafika vijijini. Sensa ya mwaka 2012, nusu karne baada ya Uhuru, ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu wa Tanzania Bara hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Basi mnapomtaka mtu wa Heru Juu au Muyama alete cheti cha bibi yake aliyezaliwa mwaka 1935, mnamdai karatasi ambayo serikali haikuwahi kumpa, na mnamwadhibu yeye kwa kutokuwa nayo.

Nitawaeleza kisa kimoja tu. Mzee mmoja aliniletea bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusoma nje, na ofisi moja ya Uhamiaji, mkoa mwingine ambako binti huyo alikuwa akifanya kazi, ilimtaka alete uthibitisho wa baba. Ndani ya bahasha mlikuwa na risiti ya kodi ya mwaka 1953, kodi ya kichwa iliyolipwa na babu wa binti kwa serikali ya wenyeji ya Heru, enzi za Mwami (mtawala wa jadi) Theresa Ntare. Mlikuwa na kadi ya TANU. Mlikuwa na cheti cha ubatizo cha mzee mwenyewe, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, jina la kijiji likisomeka vizuri kabisa. Nikaviskani vyote, nikavipanga, nikavituma. Jibu aliloletewa binti kwa mdomo lilikuwa kwamba hivyo si vyeti, baba aende RITA.

Mzee akaenda kusajiliwa kwa kuchelewa. Na alipofika huko, aliombwa nini? Cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji na kiapo. Karatasi zilezile zilizokataliwa kwenye dirisha la kwanza zilipokelewa kwenye dirisha la pili, zikazaa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa wiki hiyo kwa mtu mwenye mvi, na cheti hicho kikarudishwa kwenye dirisha la kwanza kama ushahidi. Hakuna jipya lililojulikana kuhusu mzee yule. Risiti ya mwaka 1953, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa ushahidi mzito kuliko yote, kwa kuwa hakuna aliyeilipa akiwa na nia ya kudanganya Uhamiaji miaka 70 baadaye, ilibaki kwenye bahasha. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshafungua.

Na si kwamba cheti kipya humaliza maneno. Nimeshaona wateja wakirudi wameulizwa: "Mbona hiki kimetolewa juzi?" Kimetolewa juzi kwa sababu mlikidai juzi.

Najua kwa nini maswali ya babu yapo. Uraia wa kizazi cha kwanza cha nchi hii uliwekwa Desemba 9, 1961, na sheria ya wakati ule ilimtazama mtu aliyezaliwa Tanganyika ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ukiufuata uzi huo kurudi nyuma, lazima ufike kwa babu. Najua pia kwamba tuko mpakani. Kutoka Manyovu ukivuka uko Burundi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambayo imepokea Wakongo tangu 1996 na Warundi wengi baada ya 2015, iko wilayani kwetu. Wapo wanaojaribu kupata namba kwa njia za panya, na wapo wenyeviti waliowahi kugonga muhuri kwa chochote kitu. Afisa anayeuliza maswali Kasulu anafanya kazi ngumu kuliko mwenzake wa Singida, na silaumu swali lenyewe. Nalaumu kuliuliza, kujibiwa, kusaini, kisha kulitupa jibu.

Halafu kuna historia ambayo naona maofisa wengi vijana hawakufundishwa. Wabelgiji walipowatimua Wajerumani mwaka 1916, waliishika Kigoma pamoja na nchi hii ya Buha, na hawakuikabidhi kwa Waingereza hadi mwaka 1921. Mtoto aliyezaliwa hapa Kasulu mwaka 1918 alizaliwa chini ya bendera ileile iliyokuwa ikipepea Gitega, Burundi. Mpaka ulipochorwa baina ya Waingereza na Wabelgiji, hakuna aliyehamishwa majina yake. Mapacha wa upande huu wanaitwa Bukuru na Butoyi, na wa upande ule vivyo hivyo. Mtu akiitwa Bukuru haina maana ametoka Burundi, ina maana alizaliwa na pacha na ndiye aliyetangulia. Bado nawaona vijana wanaokuja kuniuliza kama wanaweza kubadili jina kabla ya kuomba pasipoti, waweke Baraka au Emanueli, ili wasiulizwe sana. Nawakatalia, kwa sababu jina likitofautiana na NIDA ndipo watakapoulizwa kweli, na itabidi walipie hati ya kubadili jina. Lakini nikiwa nawakatalia naona aibu ambayo haistahili kuwa yangu.

Wenzetu walioondoka huku zamani hawakusalimika. Waha walikuwa nguvukazi kubwa ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Walipelekwa kwa treni kama manamba, wengine hawakurudi. Wajukuu zao wako Korogwe na Muheza, Kiha hawakijui, na jina la ukoo likisomwa dirishani wanaambiwa waende kuleta barua kutoka Kigoma. Wanakuja. Wanafikia kwangu wakitafuta mtendaji wa kijiji ambacho babu yao alikiacha kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na kijiji chenyewe kilishahamishwa bondeni, jina likabaki la kilima. Mtendaji ni kijana wa miaka 30 na kidogo kutoka mkoa mwingine. Ataandika nini kuhusu mtu aliyeondoka mwaka 1948? Anaandika alichoambiwa na mleta barua, anagonga muhuri, na muhuri huo ndio "uthibitisho". Tuambizane ukweli.

Mtasema shida hizi ni za watu wadogo wasiojua taratibu. Mwanahabari Jenerali Ulimwengu alikuwa mtu mdogo? Alishakuwa mbunge na mkuu wa wilaya, na Februari 2001 serikali ikatangaza kuwa si raia, yeye pamoja na Balozi Timothy Bandora na wengine wawili. Mtu aliyeiwakilisha nchi ughaibuni akiwa balozi, na pasipoti ya nchi hiyo mfukoni, anaambiwa si wa nchi hiyo. Miaka ya 2017 na 2018 ikawa zamu ya Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara kuhojiwa uraia wake. Katikati yake kulikuwa na Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, Kagera, Kigoma na Geita, ambapo katika kuwasaka wahamiaji haramu walikumbwa pia watu waliokuwa wakisisitiza ni Watanzania ila hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mkoa wenye kumbukumbu hizi ukiuambia "lete cheti cha bibi", hausikii ombi la kawaida la ofisi. Watu wanasikia onyo. Wapo wanaoacha ombi la pasipoti katikati, hata pesa ya fomu wanaisamehe, kwa hofu kwamba wakisukuma sana wataishia kunyang'anywa na NIDA waliyonayo. Sijui kama takwimu zenu zina safu ya watu hao. Mimi nawaona.

Na kuna jambo linalotuchekesha huku, ingawa si la kuchekesha. Oktoba 2014 serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, kwa Warundi waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lilikuwa jambo la heshima, na dunia iliisifu Tanzania kwa haki. Matokeo yake, jirani yangu mwenye asili ya Burundi ana karatasi yenye saini ya waziri inayosema yeye ni raia. Mimi, ambaye babu wa babu yangu kazikwa hapa, sina karatasi yoyote inayosema hivyo, kwa sababu raia wa kuzaliwa hapewi cheti cha uraia. Kitambulisho cha Taifa ndicho kilichopaswa kuwa karatasi hiyo. Ndiyo maana kikaandikwa Jamhuri ya Muungano, ndiyo maana Uhamiaji mkashirikishwa tangu mwanzo, na ndiyo maana tulisimama foleni.

Ombi langu la kwanza basi, ambalo likikubaliwa mengine yanaweza kusubiri: mtu ambaye uraia wake ulishahakikiwa na Afisa Uhamiaji wakati wa kupewa namba ya NIDA asihakikiwe tena kwa pasipoti, isipokuwa pale ambapo kuna taarifa mahususi dhidi yake, na taarifa hiyo aambiwe. Kazi ya dirisha la pasipoti iwe kuthibitisha kuwa aliyekaa mbele yenu ndiye mwenye namba ile, na alama za vidole zinaweza kufanya hivyo kabla hajamaliza kusalimia. Mkiona uhakiki wa mwanzo ulifanywa ovyo kwa baadhi ya maeneo, rekebisheni uhakiki huo mara moja, kijiji kwa kijiji, kwa uwazi. Msiurekebishe kwa kumvizia mtu mmojammoja siku ana safari.

La pili ni hili la ushahidi wa safari. Pasipoti inaombwa na mtu ambaye bado hana pasipoti. Chuo cha nje kinamtaka aandike namba ya pasipoti kwenye fomu ya ufadhili ndipo kimpe barua ya kukubaliwa. Ofisi yenu inataka barua ya kukubaliwa ndipo impe pasipoti. Mwajiri wa Muscat hatumi mkataba kwa mtu asiye na pasipoti. Ubalozi haupokei ombi la viza bila pasipoti. Tunajazaje sehemu hiyo? Nitakwambieni tunavyoijaza, maana mnajua: mtu anatafuta barua ya mwaliko kutoka kwa rafiki wa rafiki aliyeko Nairobi au Kampala, wa safari ambayo haitafanyika. Utaratibu unawafundisha raia waaminifu kudanganya kwa maandishi, tena mbele ya dola. Ibara ya 17 ya Katiba inasema raia ana haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Haikumtaka aeleze kwanza anakwenda kwa nani. Mfanyabiashara wa dagaa na mawese wa soko la mpakani, ambaye safari yake ni leo ndiyo kesho hapana, ataleta barua ya nani?

Nikigusia viza, nisiendelee sana kwa kuwa hizo ni za wenyewe wenye nchi zao. Ila kumbukeni kwamba balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Mtu wa Kakonko husafiri zaidi ya kilomita 200 kufika mkoani kwa ajili ya pasipoti kabla hata hajaanza kuwaza hiyo ya Dar. Akirudishwa kwa sababu ya herufi moja, ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula, gesti, na kazi za siku hizo zimelala.

Na herufi ndizo zinazorudisha watu wengi kuliko babu. Zabron na Zabroni. Elizabeth na Elizabeti. Baba aliandikwa jina la ubatizo kwenye cheti, jina la nyumbani kwenye kadi ya kliniki, na mtoto akaandikwa NIDA kwa jina la babu. Wazee wengi ninaowaandikia wamezaliwa, kwa mujibu wa karatasi, tarehe 1 Julai, kwa sababu aliyewaandika alijua mwaka tu. Makosa haya hayakufanywa na wao. Yalifanywa na makarani, mapadri, walimu na, niwe mkweli, watu wa steshenari. Kwa sasa kila taasisi inamwambia mwananchi aende kusahihisha kwa mwenzake: NIDA wanataka cheti kirekebishwe, RITA wanataka kuona kitambulisho, Uhamiaji wanataka viwili hivyo vifanane. NIDA na Uhamiaji mko chini ya wizara moja, RITA iko Wizara ya Katiba na Sheria. Hilo ni suala lenu, mwananchi halimhusu. Meza moja wilayani, hata siku moja kwa wiki, ambako maofisa wa taasisi zote tatu wanakaa chumba kimoja na kukubaliana jina la mtu, ingemaliza nusu ya safari hizi. Mkiwa na magari ya kampeni za usajili, meza hamkosi.

La tatu: mkikataa, andikeni. Ombi la mtu linaweza kukaa likisomeka "linashughulikiwa" hadi nafasi ya kazi ikapita, na akiuliza anajibiwa kwa mdomo, kila mara na mtu tofauti, kila mara sababu tofauti. Ibara ya 13(6)(a) inampa haki ya kusikilizwa na kukata rufani. Rufani inakatwa dhidi ya nini, kama hakuna uamuzi uliotolewa? Karatasi moja yenye sababu, jina la cheo cha aliyeamua, na mahali pa kukata rufani. Nina hakika mkilazimika kuandika sababu, nyingi ya sababu tunazosikia dirishani hazitaandikwa, maana mwandishi mwenyewe ataona haziandikiki.

Hapa ndipo vishoka, madalali wa makaratasi, wanapopatia riziki. Mnawakamata, mnawatangaza, na kesho wapo. Kishoka anauza kitu kimoja tu: anajua kinachotakiwa wakati mwananchi hajui. Orodha ya nyaraka ipo kwenye tovuti, lakini orodha ya vibadala haipo popote. Mtu aliyezaliwa kabla usajili haujafika wilayani kwake alete nini? Cheti cha ubatizo, au cha falaki kwa Waislamu, kinatosha? Cheti cha kumaliza darasa la saba? Kadi ya chama, risiti ya kodi, daftari la misheni? Kiapo aape nani, mzazi, mjomba, au jirani aliyemzidi umri? Ofisi moja inakubali, nyingine inakataa, na tofauti hiyo ndiyo anayoiuza kishoka. Andikeni orodha hiyo kwa Kiswahili chepesi, itiwe saini, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Nawahakikishia hata biashara yangu itapungua, na nitalala vizuri.

Sipuuzi mlilokwisha kufanya. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoani, ni jambo kubwa. Akina mama wananiletea vile vyeti niviwekee plastiki, na mtoto mwenyewe bado anabebwa mgongoni. Watoto hao hawatanihitaji kwa cheti chao wenyewe. Lakini wakifikia umri wa kuomba pasipoti, kama utaratibu ni huu, wataulizwa cha babu, na babu ni huyu wa leo mwenye risiti ya kodi. Kwa hiyo hata kazi yenu nzuri itakwama palepale, isipokuwa usajili wa wazee nao ufanywe kwa kampeni, vijijini, wakati walio na kumbukumbu bado wapo hai wa kuapa. Hilo halisubiri. Kila mzee anayekufa hapa huacha ukoo mzima bila shahidi.

Wanaopata nafasi za masomo nje huanza safari mwezi Septemba. Waraka wa kusema NIDA iliyohakikiwa inatosha hauhitaji Bunge kukaa, unahitaji saini. Ukitoka kabla ya Julai utawakuta wa mwaka huu.

Mwenye steshenari,
Kasulu, Kigoma